Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mafunzo ya Kujiandaa kwa Majanga kwa Wageni Wanaoishi Kisumu

Mafunzo haya ni ya nani?

Ni ya yeyote anayeishi Kisumu na viunga vyake bila kuwa Mkenya: Mkongomani anayeuza vitenge Kibuye, Mganda mwenye saluni Kondele, Mrundi, Mnyarwanda, mama wa Sudan Kusini aliyeleta watoto shule, mwanafunzi wa kigeni wa Maseno, fundi wa Kichina aliyekuja kwa kandarasi, mmishonari, mfanyakazi wa shirika. Mtanzania pia, hata kama anaona Kiswahili chake kimeshamfanya mwenyeji.

Wengine huuliza kwa sauti ya chini, "Na Wahindi je?" Familia nyingi za Kihindi za mji huu ziko hapa tangu enzi za reli iliyofika ziwani mwaka 1901, na ni Wakenya kama Wakenya wengine. Hao tunawaalika waje kufundisha, maana wanajua ni duka gani liliwahi kuingiwa na maji mwaka gani.

Kwani maji yanabagua? Mbona wageni wafundishwe peke yao?

Maji hayabagui. Habari za maji ndizo hubagua. Onyo likitoka Idara ya Hali ya Hewa, hushuka hadi kwa chifu, kwa naibu wake, kwa mzee wa mtaa ambaye huku huitwa liguru, halafu kwa kundi la majirani liitwalo Nyumba Kumi. Njiani hutangazwa barazani, kanisani baada ya ibada, na kwenye chama cha akina mama. Redio zinazosikilizwa zaidi mtaani, kama Ramogi na Nam Lolwe, hulisoma kwa Kijaluo.

Sasa mfikirie mtu aliyepanga chumba Nyalenda juzijuzi. Anasali na watu wa kwao, redio ya kwao anaisikiliza kwa simu, na chama hana. Onyo limepita pande zote za nyumba yake bila kugonga mlango. Jioni anawaona majirani wakipandisha magodoro juu ya meza na kufunga nguo kwenye magunia, anadhani wanahama.

Haya hayakuanza kwetu. Januari 17, 1995, tetemeko la ardhi lilipiga mji wa Kobe huko Japani na kuua zaidi ya watu 6,000. Wageni wengi waliookoka hawakuelewa matangazo ya wapi pa kupata maji, chakula na pa kulala, kwa sababu yaliandikwa kwa Kijapani kigumu cha ofisini. Baada ya hapo wataalamu wa lugha wa Japani walitengeneza namna ya kuandika matangazo ya dharura kwa maneno mepesi, na siku hizi miji mikubwa kama Tokyo huendesha mazoezi ya majanga kwa ajili ya wakazi wa kigeni. Sisi hatuna bajeti ya Tokyo. Lakini kumjulisha mgeni kwa liguru wake hakuhitaji bajeti, na karibu nusu ya kikao chetu huishia hapo: hutoki ukumbini kabla simu yako haijaingia namba ya mzee wa mtaa, ya jirani mmoja mwenyeji, na ya msimamizi wa ploti.

Mnafundisha kuhusu majanga gani?

Mafuriko kwanza na kwa muda mrefu zaidi. Halafu moto wa nyumba, radi, ajali za barabarani hasa malori ya mafuta, dhoruba za ziwani kwa wanaosafiri kwa boti, na kipindupindu ambacho hufuata maji machafu. Ugaidi na ghasia za siasa hatugusi. Hayo yana wataalamu wake.

Jua lilikuwa linawaka, hakuna tone la mvua, halafu maji yakaja. Inawezekanaje?

Kwa Kano, ile nchi tambarare ya upande wa Ahero, hiyo ni kawaida. Mto Nyando hukusanya maji kutoka milima ya Nandi na Kericho. Mvua ikinyesha huko juu usiku, maji huteremka na kutapakaa katika nchi tambarare ya Ahero wakati watu wa huko wameanika nguo. Kwa hiyo ukiishi upande huo, anga iliyo juu ya kichwa chako haikuambii kitu. Tazama milima. Mawingu yakiwa meusi huko usiku kucha, uliza asubuhi mto uko vipi.

Ndani ya mji hali ni tofauti kidogo. Auji na mito mingine midogo inayopita Manyatta na Nyalenda hujaa haraka, hasa mitaro ikiwa imezibwa na takataka, na hupungua haraka vilevile. Udongo wa sehemu kubwa ya huku ni ule mweusi unaonata. Ukishiba hauli maji tena, yanabaki juu.

Kuna aina ya tatu, nayo ndiyo huwachosha watu: ziwa lenyewe kupanda. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, na 2024 likapanda tena. Ziwa likijaa, mito hukosa pa kumwaga na maji hurudi nyuma. Mafuriko ya Auji unaweza kuyasubiri juu ya kitanda hadi kesho yake. Ya ziwa hukaa miezi. Wakazi wa Dunga na wa fukwe za Nyando na Nyakach walihama kabisa, wengine bila kurudi. Pia viboko hufuata maji; njia uliyozoea kupita usiku kando ya ziwa huwa malisho yao.

Nitajuaje kama nyumba ninayotaka kupanga huingia maji?

Usimwulize mwenye nyumba. Si kwamba wote ni waongo, ila anataka kodi.

Angalia ukuta wa nje kwa urefu wa goti. Rangi ikiwa imebadilika kwa mstari ulionyooka kuzunguka nyumba nzima, huo ni mstari wa maji, hata kama umepakwa rangi mpya juu. Angalia vizingiti: ploti ambayo kila mlango umejengewa ukuta mdogo wa matofali wa kuruka kwa mguu imeshawahi kupata taabu. Angalia soketi za stima. Zikiwa zimepandishwa hadi usawa wa kifua, fundi hakuwa mlevi. Chungulia kwa jirani uone kama friji na kabati vimewekwa juu ya matofali. Kisha nenda kwa mama mboga aliye karibu, nunua nyanya, umwulize Aprili huwaje. Atakuambia bila kukuficha, na mara nyingi atakuonyesha kwa mkono maji yalimfika wapi.

Choo cha shimo kikiwa upande wa juu wa ploti, kuliko vyumba, tafuta nyumba nyingine.

Barabara imefunikwa na maji lakini bodaboda wanavuka. Nivuke?

Usivuke. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 tu, yaani juu kidogo ya kifundo cha mguu, humwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huweza kuinua gari dogo. Hapo hujahesabu mtaro uliofunikwa au shimo la maji taka ambalo mfuniko wake umeibwa. Yule wa bodaboda anayevuka amezaliwa hapo na anajua mtaro uko wapi, na hata yeye kuna siku hukosea. Ukilazimika kupita penye maji yaliyotulia, tafuta fimbo ndefu, papasa mbele kabla ya kila hatua, na vaa viatu vilivyofungwa. Ndala huenda na maji, kisha unakanyaga kioo.

Kabla maji hayajaingia ndani, zima swichi kuu ya stima. Yakishaingia na ukasimama ndani yake, usiiguse tena. Toka, uwapigie Kenya Power kwa 97771.

Nifungashe nini?

Begi moja unaloweza kulibeba huku umembeba mtoto. Hicho ndicho kipimo, na ukishakizingatia orodha hujitengeneza: maji ya kunywa, tochi, dawa unazotumia kila siku, nguo kavu, chaja, noti ndogondogo kwa sababu M-Pesa haina faida simu ikizima.

Kwa mgeni kitu kizito zaidi ni karatasi. Mkenya akipoteza kitambulisho anakwenda kuomba kingine. Wewe ukipoteza pasipoti, kibali cha kazi, kitambulisho cha mgeni au kadi ya mkimbizi, una safari ya ubalozi Nairobi au ofisi ya wakimbizi, na katikati ya safari hiyo kila kizuizi cha polisi ni maelezo marefu. Zitie kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, mfuko huo ndani ya mwingine, mahali pamoja ambapo kila mtu mzima nyumbani anapajua. Piga picha kila ukurasa wenye maandishi, ujitumie kwa barua pepe na umtumie mtu mmoja unayemwamini aliye mji mwingine. Zikipotea hata hivyo, jambo la kwanza ni kituo cha polisi kuchukua abstrakti, yaani karatasi ya kuthibitisha kuwa umeripoti. Bila hiyo ofisi nyingine zote zitakurudisha.

Mtapeleka majina yetu Uhamiaji?

Hapana. Sisi ni kundi la kujitolea. Tunaandika jina unalopenda kuitwa, mtaa, lugha unazozungumza na namba ya simu, basi. Pasipoti hatuiombi. Hata hivyo sheria ni sheria: mgeni anayekaa Kenya zaidi ya siku 90 anatakiwa ajiandikishe, na siku ya janga utakuwa na utulivu zaidi ukiwa umeshajiandikisha. Tukiulizwa namna ya kufanya hivyo tunaeleza. Hatulazimishi mtu.

Nikiumia nami sina karatasi, hospitali inaweza kunifukuza?

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Imeandikwa mtu, haikuandikwa raia. Andika namba hiyo ya kifungu kwenye simu yako, uiseme kwa adabu pale mapokezi, usipige kelele. Hospitali kubwa ya rufaa hapa ni Jaramogi Oginga Odinga, lakini ukimwambia mtu wa tuktuk "Russia" atakufikisha haraka zaidi, kwa kuwa ndilo jina ambalo mji mzima hulitumia.

Kuhusu moto, tunajua: tusicheze na gesi. Kuna zaidi?

Kuna ufunguo wa geti.

Fleti nyingi za Kisumu zina madirisha yenye vyuma, mlango wa chuma nje ya mlango wa mbao, na geti la chini linalofungwa kwa kufuli saa nne au saa tano usiku. Ni ulinzi mzuri dhidi ya wezi. Moto ukiwaka saa nane usiku, ulinzi huohuo unakufungia ndani. Kwa hiyo zoezi la kwanza la moto tunalowapa watu hawalifanyii ukumbini, wanalifanyia nyumbani: jua ufunguo wa geti uko kwa nani usiku. Kwa soja? Soja hulala wapi? Akiwa ameenda kwao, unabaki kwa nani? Wapangaji wengine wameishi kwenye jengo mwaka mzima na hawajawahi kuuliza. Ukimwuliza mwenye nyumba akupe nakala, mwambie ni kwa ajili ya moto. Akikataa, mwombeni wapangaji wote pamoja, mgeni na mwenyeji, kwa sababu ombi la mmoja hupuuzwa.

La pili, ufunguo wa mlango wako mwenyewe. Uning'inize kwenye msumari karibu na mlango, mbali na mkono wa mtu aliye dirishani, na usiuhamishe. Kisha zima taa, fumba macho, utembee kutoka kitandani hadi kwenye msumari huo, ufungue. Watu hucheka wakisikia hivi, halafu wakijaribu nyumbani wanajigonga kwenye jiko.

Sufuria ya mafuta ikishika moto, zima gesi, funika kwa mfuniko, iache hapo. Ukimwagia maji, moto hupaa hadi darini. Ukinusa gesi usiku usiwashe taa wala kiberiti. Fungua madirisha, funga mtungi, toka. Jiko la makaa lisilale na watu ndani ya chumba kilichofungwa: hewa yake huua bila harufu, na huua zaidi wakati wa mvua ambapo kila mtu anataka joto.

Radi za huku ni za kawaida? Kwetu hazipigi hivi.

Ni nyingi kweli. Bonde la Ziwa Victoria ni mojawapo ya sehemu zenye ngurumo nyingi zaidi duniani, na Kisii na Kakamega zinajulikana kwa hilo. Mchana upepo wa ziwa husukuma unyevu nchi kavu, ndiyo maana mvua ya Kisumu hupenda kuja alasiri. Usiku upepo hugeuka na dhoruba hukaa majini, kwa hiyo wavuvi ndio huumia.

Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Lakini usisubiri hesabu iwe ndogo. Ukisikia ngurumo tu, ingia ndani ya jengo au gari, kaa mbali na mabomba, waya na madirisha, na ngoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Usijikinge chini ya mti. Watoto wanaocheza mpira uwanjani wataomba dakika tano za nyongeza, usiwape.

Utaambiwa radi hutumwa na mtu. Usibishane na watu kwenye kibanda cha chai. Ingia ndani tu.

Natoka Goma. Ziwa hili lina gesi kama Kivu? Na matetemeko?

Swali hili huulizwa na Wakongomani kila kikao, nasi hulifurahia, maana aliyekimbia volkano ya Nyiragongo mwaka 2002 au Mei 2021 ana mengi ya kutufundisha kuhusu kuondoka nyumbani ndani ya dakika chache.

Jibu ni hapana. Kivu ina kina cha zaidi ya mita 450, na gesi zinazotokana na volkano zimekaa zimebanwa huko chini. Victoria ni pana lakini haina kina kikubwa, karibu mita 80 panapozidi, na upepo huyakoroga maji yake. Gesi haina pa kujificha. Wasiwasi wa ziwa hili ni dhoruba, maji kupanda na boti iliyojazwa kupita kiasi. Vaa jaketi la kuokoa maisha kabla boti haijaondoka. Ukiambiwa yako chini ya mizigo, shuka.

Matetemeko hutokea Bonde la Ufa. Kubwa zaidi lililopimwa Kenya lilipiga Subukia, upande wa Nakuru, Januari 1928, kwa ukubwa wa 6.9. Kisumu hutikisika mara chache. Wajapani wanaokuja kwetu hushangaa kuona tunalizungumza kwa dakika mbili tu, halafu tunazungumza saa nzima kuhusu mitaro.

Lori la mafuta limepinduka na watu wanachota. Nifanye nini?

Nenda mbali, upande upepo unakotoka, na waite watoto wako kwa majina. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mita nyingi kutoka kwenye lori, ukitafuta sigara moja, jiko moja, pikipiki moja inayowashwa. Sachang'wan karibu na Molo, Januari 31, 2009, walikufa zaidi ya watu 100. Malanga huko Siaya, barabara ya Busia, Julai 2021, lori jingine liliwaka likaua watu waliokuwa wakichota. Madereva wa Uganda, Rwanda na Kongo wanaopita njia hii wanajua habari hizo vizuri kuliko sisi, na tungependa waje wengi zaidi.

Nipige namba gani?

999 au 112 kwa polisi na dharura yoyote, 1199 kwa Msalaba Mwekundu wa Kenya. Lakini mpigie jirani kwanza kama yuko umbali wa kusikia kilio. Atafika kabla ya gari lolote. Ukipiga simu taja alama, usitaje namba ya ploti: shule, kanisa, kituo cha matatu, mti mkubwa.

Lazima nijue Kijaluo?

Sio lazima. Mafunzo ni kwa Kiswahili, na huwa tuna watu wa kutafsiri kwa Kifaransa na Kiingereza. Tunafundisha maneno machache ambayo utayasikia yakipigiwa kelele usiku: mach ni moto, pi ni maji, ringuru ni kimbieni. Ukisikia la mwisho, fuata watu wanakoelekea, maswali baadaye.

Baada ya mafuriko, maji ya kisima yanafaa?

Ya visima vifupi vya Manyatta na Nyalenda, hapana, hata yakiwa meupe kama ya chupa. Vyoo vya shimo vimefurika ndani yake. Chemsha hadi yatokote vizuri, au tia dawa ya klorini kama pakiti inavyoelekeza. Mtu akianza kuharisha maji matupu, usingoje kesho. Changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vidogo vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, mpe kidogokidogo huku mkienda hospitali.

Nije na watoto? Na mama mkwe asiyetembea?

Watoto waje. Mama mkwe, tuambie mapema tutafute ukumbi usio na ngazi, na siku hiyohiyo tutapanga ni vijana gani wawili wa jirani watakaombeba maji yakija.

Naweza kuja na jirani yangu Mkenya?

Tafadhali. Mpe nauli ya bodaboda ikibidi.

Ni pesa ngapi, na kuna cheti?

Ni bure. Vikao ni Jumamosi asubuhi, vingi zaidi Februari na Septemba, kabla ya mvua ndefu na mvua fupi. Cheti kipo kwa anayekitaka, ila mhuri wake hautakusaidia Uhamiaji, na kuna waliojaribu. Njoo na simu iliyojaa chaji, kwa sababu ya zile namba tatu za liguru, jirani na msimamizi wa ploti.